Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inapogonga Daftari Lisilo Lake

Leo tunajibu maswali sita kutoka Arusha na Moshi. Yote yanahusu majina kwenye mtandao wa nyumbani: kompyuta inayoshindwa kusajili jina lake, na vifaa visivyoonana kwa majina.

SWALI: Fundi anataka kufomati

Habari za kazi. Nina kompyuta mbili na printa moja nyumbani, natoa kopi na kuchapa kazi za wanafunzi. Kompyuta moja niliinunua mtumba, ilikuwa ya ofisi. Kila siku kwenye Event Viewer (orodha ya matukio ya Windows) ya hiyo ya mtumba nakuta onyo la njano namba 8018 kutoka "DNS Client Events". Linasema mfumo umeshindwa kusajili rekodi, na ndani yake kuna jina la kampuni nisiyoijua. Jioni tovuti zinafunguka kwa shida. Fundi anasema Windows imeoza, nimlipe afomati. Nikubali?
*Mama wa stationery, Sakina, Arusha*

JIBU: Usikubali, mama. Windows yako haijaoza, na hilo onyo silo linaloleta shida ya jioni. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tungependa kila anayeitwa kutengeneza mtandao wa nyumbani ayatenganishe kabla hajataja bei.

DNS ni daftari la majina. Jina la tovuti linaingia, anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao, inatoka. Kompyuta yako huliendea daftari hilo kwa shughuli mbili. Ya kwanza ni kuuliza, na hiyo hufanyika mamia ya mara kwa siku kila unapofungua ukurasa. Ya pili ni kujiandikisha, yaani kumwambia mwenye daftari: "mimi naitwa fulani, anwani yangu ni hii, niandike." Fikiria daftari la wakazi la ofisi ya serikali ya mtaa. Kuulizia mzee fulani anakaa wapi, yeyote huruhusiwa. Kuandikwa ndani, sharti uwe mkazi wa mtaa ule na mtendaji akubali. Ukikataliwa kuandikwa, hakuna anayekuzuia kuendelea kuuliza.

Onyo la 8018 ni la kukataliwa kuandikwa. Tangu Windows 2000, kompyuta hujaribu kujisajili yenyewe kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1997 katika RFC 2136, moja ya hati za kanuni za intaneti. Ofisini, penye seva ya majina inayopokea maombi hayo, jambo hili lina faida kubwa. Nyumbani halina pa kufikia. Kompyuta hujaribu inapowaka, anwani yake inapobadilika, na tena kila baada ya saa 24. Ndiyo maana unaliona kila siku.

Sasa hilo jina la kampuni. Mwenye kompyuta wa kwanza aliiachia mkia wa domeni ya ofisi yao, yaani jina la kampuni linalofuata jina la kompyuta. Windows inapotaka kujisajili huuliza intaneti ni seva ipi inayomiliki domeni ile, inaelekezwa kwenye seva halisi ya kampuni, inapeleka ombi huko, inakataliwa. Kompyuta yako inabisha hodi kwa watu msiojuana, siku baada ya siku. Madhara ni madogo, lakini haifai kuiacha hivyo.

Fungua Command Prompt, andika:

ipconfig /all

Juu kabisa tafuta mstari wa "Primary Dns Suffix". Ukikuta jina la ile kampuni, umeshampata mchawi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, bonyeza Enter. Kwenye ukurasa wa "Computer Name" bofya "Change", kisha "More". Futa kilichoandikwa kwenye kisanduku cha juu, kubali, washa kompyuta upya.

Halafu izuie isijaribu tena. Windows na R, andika ncpa.cpl. Bofya kwa kitufe cha kulia kadi ya mtandao unayotumia, iwe ya Wi-Fi au ya waya, chagua "Properties". Chagua mstari wa "Internet Protocol Version 4", bofya "Properties", "Advanced", kisha ukurasa wa "DNS". Chini utaona tiki kwenye "Register this connection's addresses in DNS". Iondoe. Tiki iliyo chini yake, inayohusu mkia wa muunganisho, hakikisha nayo haipo, maana baadhi ya ruta hugawa mkia wa mtoa huduma na ombi likaishia kwenye seva zake. Rudia yote kwenye "Version 6". Hapa ndipo wengi hukosea: wanaondoa kwenye 4, wanasahau 6, onyo linarudi kesho yake, wanadhani dawa haikufanya kazi.

Kwa anayetumia PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi, mstari mmoja unatosha:

Set-DnsClient -InterfaceAlias "Wi-Fi" -RegisterThisConnectionsAddress $false

Maonyo ya zamani hayatafutika kwenye orodha, kwa hiyo usiyahesabu. Andika tarehe na saa uliyobadilisha, subiri siku mbili, angalia kama kuna jipya. Kama hupendi kusubiri, andika ipconfig /registerdns kwenye Command Prompt ya msimamizi, kisha angalia Event Viewer baada ya dakika 15. Huo ndio muda ambao Windows yenyewe hukutajia.

Tukija kwenye shida ya jioni, onyo linalohusu kuuliza ni namba 1014. Hilo husema jina fulani liliulizwa na hakuna seva iliyojibu. Likijitokeza saa zile zile tovuti zinapogoma, hapo kuna la kushughulikia. Pima wakati shida ikiwepo, si asubuhi mtandao ukiwa mwepesi. Amri hizi zinauliza jina moja kwa ruta yako, kisha kwa 1.1.1.1, seva ya DNS ya umma:

nslookup wikipedia.org 192.168.1.1
nslookup wikipedia.org 1.1.1.1

Badala ya 192.168.1.1 weka anwani ya ruta yako, ile ya "Default Gateway". Ruta ikikaa kimya na kukuandikia kuwa sekunde 2 zimepita bila jibu, huku 1.1.1.1 ikijibu papo hapo, basi ruta ndiyo imeelemewa. Izime nusu dakika, iwashe. Ikijirudia, ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), uzigawie kompyuta zako seva za DNS za umma, 1.1.1.1 na 9.9.9.9. Zote mbili zikikaa kimya, laini yenyewe ina tatizo, mpigie mtoa huduma. Na zote zikijibu haraka lakini ukurasa bado unajivuta, DNS haihusiki kabisa. Laini imejaa, na kazi ya kwanza ni kumtafuta anayepakua filamu.

Tahadhari moja kuhusu umeme. Ukikatika na kurudi, ruta huhitaji dakika kadhaa kupata laini. Maonyo ya 1014 yatakayoandikwa katika dakika hizo ni ya kawaida, yapuuze.

SWALI: Nani huyu "prisoner"?

Nimeweka programu ya kinga inayoonyesha kila mawasiliano yanayotoka kwenye kompyuta. Imenionyesha kompyuta yangu ikituma kitu kwenda 192.175.48.1, jina lake prisoner.iana.org. Sikuwahi kufungua tovuti hiyo. Neno lenyewe ni "mfungwa". Nimedukuliwa?
*Mwanafunzi, Rau, Moshi*

JIBU: Hapana, hujadukuliwa. Wasiwasi wako unaeleweka, na umewapata wengi duniani kiasi kwamba mwaka 2011 ilitolewa hati nzima, RFC 6305, kuwaeleza watu kwamba hawashambuliwi na prisoner.iana.org.

Anwani za nyumbani zinazoanza na 192.168, na zile za 10, pamoja na 172.16 hadi 172.31, ni za matumizi ya ndani. Zilitengwa hivyo miaka ya 1990. Nyumba ya Rau na nyumba ya Mwanza zinaweza zote kuwa na 192.168.1.50, na hakuna ubaya. Kwa hiyo kwenye intaneti hakuna mwenye haki ya kusema "192.168.1.50 ni kompyuta ya fulani".

Kompyuta yako, hasa ikiwa umeiwekea anwani kwa mkono, hujaribu kusajili pia rekodi ya kinyume, ile inayotoka kwenye anwani kwenda kwenye jina. Inauliza mwenye daftari la anwani za 192.168 ni nani. Ruta isipolijibu swali hilo hapo hapo nyumbani, swali linatoka nje na kuambiwa: mwenyewe ni prisoner.iana.org. Hizo ni seva zilizowekwa makusudi kupokea takataka za namna hii ili zisizielemee seva kuu za DNS. Kompyuta inapeleka ombi lake, halisajiliwi popote, mambo yanaishia hapo.

Kinachovuja ni jina la kompyuta yako na anwani ya ndani. Si siri kubwa, lakini si vya kusambazwa. Ondoa tiki tuliyomweleza mama wa Sakina, kwenye 4 na kwenye 6. Na kama ruta yako inatumia dnsmasq (programu ya DNS ya ndani ya ruta), washa chaguo la "bogus-priv", itaacha kupeleka nje maswali ya anwani za ndani, hata yanayotoka kwenye simu na televisheni.

SWALI: Nataka majina yafanye kazi kweli

Nina ofisi ndogo ya utalii nyumbani: kompyuta tatu, printa, na hifadhi ya picha ya mtandao. Ruta ni MikroTik. Printa hubadilika anwani na kila mara nahangaika kuiunganisha upya. Nilisoma kwamba "DNS registration" ndiyo suluhisho, lakini sioni kitu kikisajiliwa. Nahitaji kununua seva?
*Njiro, Arusha*

JIBU: Huhitaji seva, kaka. Unahitaji daftari lako la nyumbani, na MikroTik tayari inalo. Kuisubiri Windows ijisajili yenyewe kwenye ruta ni kupoteza muda, kwa sababu ruta za aina hii hazipokei maombi ya RFC 2136. Andika majina wewe mwenyewe. Kwa vifaa vitano ni kazi ya robo saa.

Anza na anwani, maana jina linaloelekea kwenye anwani inayohama halina faida. Ingia kwenye ruta kwa WinBox, programu ya kuendeshea MikroTik, fungua IP, DHCP Server, ukurasa wa "Leases". Tafuta printa, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Make Static". Kuanzia hapo printa itapewa anwani ile ile daima. Fanya hivyo pia kwa hifadhi ya picha. Usiweke anwani kwenye printa yenyewe kwa mkono huku ruta nayo ikigawa anwani kutoka fungu lile lile. Siku moja vifaa viwili vitapewa anwani moja, na utatafuta kosa hadi usiku.

Kisha fungua Terminal, andika ukibadilisha anwani ziwe zako:

/ip dns set allow-remote-requests=yes
/ip dns static add name=printa.home.arpa address=192.168.88.20
/ip dns static add name=picha.home.arpa address=192.168.88.21

Mkia wa home.arpa hatukuubuni. Umetengwa rasmi kwa mitandao ya nyumbani tangu 2018, kwa RFC 8375. Usitumie .local kwa kazi hii, kwa kuwa hiyo ni ya utaratibu mwingine ambao vifaa hutangaziana majina vyenyewe, na ukichanganya utapata majibu yanayogombana. Na usibuni mkia unaofanana na domeni ya watu, yatakukuta yale ya Sakina.

Mstari wa kwanza hapo juu una hatari yake. Unairuhusu ruta kujibu maswali ya DNS, na isipolindwa itamjibu hata mtu aliye nje ya nyumba yako. Ruta zilizoachwa wazi hivyo hutumiwa kushambulia wengine, na laini yako itakuwa nzito bila sababu unayoiona. Ile kinga ya mwanzo inayokuja na MikroTik za nyumbani huzuia hilo. Ila fundi akiwa aliifuta wakati wa kufunga, zuia mlango namba 53 unaopitisha maswali ya DNS, wa UDP na wa TCP, kwa yote yanayoingia kutoka upande wa intaneti. Tafadhali usiiruke hatua hii.

Sasa hakikisha kompyuta zinaiuliza ruta, na ruta peke yake. Kwenye IP, DHCP Server, "Networks", mahali pa DNS weka 192.168.88.1 tu, na mahali pa domeni weka home.arpa ili uweze kuandika "printa" bila mkia. Watu hupenda kuongeza 8.8.8.8 (seva ya DNS ya umma) ya pili "kwa usalama". Hapo ndipo majina ya ndani hufanya kazi asubuhi yakagoma mchana. Seva ya pili haisubiri mpaka ya kwanza ife. Ya kwanza ikichelewa kidogo Windows humwuliza wa pili, naye anajibu kwa uhakika kabisa kwamba printa.home.arpa haipo. Kompyuta inaliamini jibu hilo na kulikumbuka kwa muda. Ukitaka 8.8.8.8, iweke ndani ya ruta, kwenye IP, DNS, ili ruta ndiyo iulize nje.

Likigoma bado, linganisha njia mbili. Kama nslookup printa.home.arpa inatoa anwani sahihi lakini kivinjari hakioni, andika ipconfig /flushdns ujaribu tena, kisha angalia mipangilio ya kivinjari. Chrome na Firefox zinaweza kutuma maswali ya DNS kwa njia iliyofichwa moja kwa moja nje, zikaipita ruta yako. Zima chaguo hilo kwenye kompyuta za ofisi. Kama nslookup yenyewe inakosa, tazama seva iliyoitaja juu ya jibu: iwe ni ruta, na jina liwe limeandikwa sawasawa ndani ya ruta.

Mwenye kompyuta mbili tu na ruta ya kawaida ya laini ya simu asijisumbue na yote haya. Afungue Notepad kwa mamlaka ya msimamizi, afungue faili la C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, aandike anwani, nafasi, jina, ahifadhi. Faili lisipate .txt mwishoni.

SWALI: Laptopu ya kazini ikiwa nyumbani

Laptopu niliyopewa na mwajiri hutoa onyo la 8015 nikiwa nyumbani. Nikiunganisha VPN ya ofisi linakuja 8019. Niondoe ile tiki?
*Shanty Town, Moshi*

JIBU: Usiiondoe. Laptopu hiyo ina daftari lake halali, liko ofisini, na watu wa TEHAMA wa kwenu wanalitegemea kuifikia. 8015 maana yake ombi lilitumwa likakosa jibu hadi muda ukaisha. Nyumbani bila VPN hilo ndilo linalotarajiwa.

8019 ni kosa la usalama: seva ya ofisi imefikiwa, lakini utambulisho wa laptopu haukukubalika. Kabla hujampigia mtu, tazama saa. Utambulisho wa mitandao ya Windows huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Na usiamini macho. Laptopu nyingi zinaonyesha saa sahihi kwa sababu mtu alisogeza mishale huku kanda ya saa ikiwa ya nchi nyingine, kwa hiyo kwa hesabu ya kompyuta imekosea kwa saa kadhaa. Kanda yetu kwenye Windows ni UTC+03:00, imeandikwa Nairobi. Irekebishe, kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi andika w32tm /resync, ukate VPN na kuiunganisha tena. Onyo likiendelea, wapelekee TEHAMA maandishi yote ya onyo, hasa mstari unaotaja seva iliyotumiwa ombi.

SWALI: Kamera na DDNS

DVR (kinasa picha) ya kamera inakataa kusajili DDNS, lile jina la kuifikia kutoka nje hata anwani ikibadilika. Fundi amebadilisha akaunti mara tatu. Natumia ruta ya laini ya simu.
*Pasua, Moshi*

JIBU: Ingia kwenye ruta, soma anwani yake ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10, akaunti hata kumi hazitasaidia. Mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hata jina likisajiliwa, anayegonga kutoka nje hafiki kwenye DVR. Ikiwa ni tofauti na hizo, ilinganishe na anwani inayoonyeshwa na tovuti ya kupimia IP ukiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Zikitofautiana, hali ni ile ile. Muulize mtoa huduma kama anauza anwani ya umma, au tumia huduma ya mbali ya DVR yenyewe, ile ya kuskani QR kwa simu, ukibadilisha kwanza nywila iliyokuja nayo.

Zikilingana, soma neno ambalo DVR inatoa. "badauth" ni jina la akaunti au nywila iliyokosewa. "nohost" ni kwamba hilo jina halipo kwenye akaunti. "abuse" ni kwamba limesasishwa mara nyingi kupita kiasi, na kisababishi huwa ruta na DVR zote kupewa kazi moja. Iachie moja, zima nyingine.

SWALI: Nilinakili diski ya kompyuta moja kwenda nyingine, sasa zinagombana majina. *Ngaramtoni, Arusha*

JIBU: Badilisha jina la moja: "Settings", "System", "About", "Rename this PC", kisha iwashe upya. Herufi zisizidi 15, tumia herufi, tarakimu na kistari cha kati tu. Kistari cha chini na nafasi usiviweke. Baada ya hapo, kwenye kompyuta nyingine andika ipconfig /flushdns na nbtstat -R kwa mamlaka ya msimamizi, ili zisahau jina la zamani.